Jicho la Nyumbani

Mume wangu si mlevi. Naanza na hilo kwa sababu mtaa mzima ulishaamua vingine, na mimi sipendi kusimulia huku mtu ana picha mbaya kichwani. Hajawahi kuonja pombe tangu nimjue, hata siku ya harusi yetu wenzake walipomzingira na chupa zao. Zile kope zilizomlalia juu ya macho hazikuletwa na pombe, wala usingizi, wala kiburi. Ni ugonjwa, una jina lake hospitalini, na anayebisha akamuulize daktari.

Yeye ni mpiga picha. Si wa harusi wala wa magazeti. Ni wa zile picha ndogo ndogo za vitambulisho, za pasipoti, za shule, za kuombea kazi. Studio yetu ni chumba kimoja kinachotazama barabara, na kingine cha nyuma cha kuwekea vitu. Kuna kiti kisicho na mgongo, pazia jeupe, pazia la buluu, taa mbili zenye miavuli, kitana kilichofungwa kwa kamba ili wateja wasiondoke nacho, na koti moja jeusi lenye tai iliyokwisha kufungwa, ambalo limevaliwa na nusu ya wanaume wa mji huu. Likimpwaya mteja, mimi nalibana kwa nyuma na vibanio vya nguo. Mimi ndiye wa vibanio, wa poda, wa kushika watoto wachanga nikiwa nimejificha ndani ya pazia, na wa kukata picha zikitoka kwenye mashine. Yeye ni wa kamera. Tangu tuoane kazi imegawanyika hivyo, na ni jambo pekee ambalo hatujawahi kuligombania.

Watu wanamwita Kidevu Juu. Ndivyo anavyomwambia kila anayekaa kwenye kile kiti: "Kidevu juu kidogo. Fungua macho. Usipumue." Hilo la kutopumua ni lake mwenyewe, hakuna ofisi iliyomtuma. Basi mteja anabana pumzi, uso unamwiva, mume wangu anapiga picha, halafu anamwambia, "Haya, ishi sasa," na mteja anacheka hata kama alikuja amenuna. Nimeyasikia maneno hayo mpaka nayaota.

Kope zilianza kushuka polepole, hata sisi hatukujua zimeanza lini. Kwanza akawa anainua nyusi ndipo aone, na paji la uso likajaa mikunjo. Jioni kichwa kinamuuma. Baadaye nyusi nazo zikashindwa, akawa anainua kichwa chote. Sasa fikiria mwenyewe: mtu anaitwa Kidevu Juu, halafu anaanza kutembea barabarani kidevu kikiwa juu, macho nusu yamefumba, hasalimii mtu. Wapi! Tulisemwa mpaka basi. Wengine walisema anaringa, wengine wakasema amelewa asubuhi asubuhi. Kumbe maskini hakuwa anaziona nyuso za watu. Alikuwa anaona kuanzia kifuani kwenda chini.

Wifi yangu, mdogo wake wa kike, ndiye aliyenichefua kuliko wote. Alifika mpaka studio, akasimama mlangoni na mkoba wake mkononi.

"Wifi, kaka yangu halali humu ndani. Unampa kazi gani mpaka macho yamekuwa hivyo?"

"Kaka yako anakoroma mpaka vyombo vinatikisika kabatini," nikamjibu. "Njoo ulale wewe kwa niaba yangu, uone."

Akanikata jicho, nami nikamkata langu. Ila usiku sikupata usingizi, maana hata mimi nilikuwa nimeanza kuogopa.

Picha nazo zikaanza kuharibika. Mwalimu mmoja alitoka hana nywele, amekatwa kuanzia katikati ya paji. Mwingine alitoka amelala upande. Watu wakawa wanarudishwa maofisini, wanakuja kwetu wamefura. Siku moja nilimkuta mume wangu nyuma ya pazia la buluu amejibandika kope kwa selotepu, ile tunayofungia bahasha za picha. Nilicheka mpaka nikajishika mbavu. Halafu nikamtazama vizuri, machozi yanamtoka kwa sababu hawezi kupepesa, na bado anajaribu kulenga kamera. Nikaacha kucheka. Nikambandua ile selotepu taratibu kwa maji ya vuguvugu.

Siku iliyofuata akaja mama mmoja na mtoto mchanga ambaye tayari tulishaharibu picha zake. Mume wangu akampiga mtoto picha tena, akatazama kilichotoka, akatazama tena. Kisha akaivua kamera shingoni kwake, akanivisha mimi. Akaenda chumba cha nyuma, akaketi, akaanza kukunja bahasha.

Na huko ndiko alikobaki. Mimi nikawa wa poda, wa vibanio, wa kukimbilia nyuma ya kamera, wa kukimbilia mashine, wa kisu cha kukatia. Nikifunga studio naenda sokoni, nikitoka sokoni napika, nikimaliza kupika namtafutia miwani yake iliyokuwa haimsaidii chochote. Sisemi haya ili nionewe huruma. Kilichoniuma ni ule ukimya. Mtu aliyekuwa anachekesha hata watu waliotoka msibani akawa hasemi zaidi ya "ndiyo" na "asante". Nilitaka mume wangu arudi nyuma ya kamera yake. Basi. Sikuwa na ombi lingine duniani.

Mwishowe nikampeleka hospitali. Daktari aliyetupokea ni binti mwembamba mwenye viatu vya raba, wa umri wa kitindamimba wangu. Moyoni nikasema, Mungu wangu, wametupa mwanafunzi. Lakini alipomshika mume wangu usoni, mikono yake ilijua inachofanya. Alimwinua kope kwa kidole, akapima kwa kirula kidogo, akamwambia atazame juu, chini, juu tena.

"Kuna msuli unaoinua kope," akatueleza. "Msuli wenyewe ni mzima. Ule mwisho wake unaoshika kope ndio umelegea, kama lastiki ya sketi ya siku nyingi. Nitakata kidogo hapa kwenye mkunjo, nitaukaza, nitaushona."

"Akiwa amelala?" nikauliza.

"Hapana, mama. Atakuwa na ganzi tu. Lazima anisikie, nimwambie afungue macho, nione kope zimefika wapi ndipo nifunge uzi. Nikimlaza fofofo nitajuaje nimevuta kiasi gani?"

Mume wangu akameza mate. Mimi nikapiga moyo konde kwa ajili ya wote wawili.

Upasuaji ule ulikwenda vizuri. Alitoka amevimba, akapona, tukafurahi. Kisha uvimbe ukaisha, na kope nazo zikarudi chini. Si kama mwanzo, lakini karibu sana na mwanzo. Mume wangu hakulalamika hata neno moja. Alirudi kwenye kiti chake cha nyuma na bahasha zake, nami ningefurahi zaidi kama angepasua sahani.

Tuliporudi kwa daktari, yule binti alikunja uso. "Sielewi," akasema. "Kwenye meza ya upasuaji zilikuwa sawa kabisa." Akatoa kamera, maana wao huwapiga wagonjwa picha kabla na baada, wapate kulinganisha. Akamsimamisha mume wangu ukutani.

"Baba, tazama hapa."

Akapiga. Akaitazama picha, akamtazama mume wangu, akaitazama picha. Nikasogea nichungulie. Kwenye picha macho ya mume wangu yalikuwa wazi kabisa, makavu, yanang'aa, kidevu kimeinuka kidogo, kama mtu anayekwenda kuchukua pasipoti. Na yule mwenyewe aliyesimama mbele yetu alikuwa amesinzia kama kawaida yake.

Damu ikanipanda kichwani. "Daktari, anakuchezea huyu! Anapiga pozi!"

"Napiga pozi mimi?" mume wangu akasema, ameumia kweli.

"Mwambie tena, daktari. Mwambie atazame hapo."

Daktari akainua kamera. "Baba, tazama hapa."

Lo! Nyusi juu, macho yakachomoza, na kifua kikasimama.

"Unaona? Hata hapumui!"

Yule binti aliishusha kamera taratibu. Nilidhani atakasirika, kumbe alikuwa anazuia kicheko. "Baba," akasema, "siku ile mezani, nilipowasha ile taa kubwa nikakwambia utazame hapa, ulifanya hivi hivi?"

Mume wangu akafikiri. "Mwanangu," akasema, "miaka yote hii kazi yangu ni kumwambia mtu afungue macho mbele ya taa. Sasa wewe umeniwashia taa, umeniambia nitazame hapo. Ulitaka nifanye nini?"

Tulicheka wote watatu, hata mume wangu alicheka kidogo. Lakini daktari alipomaliza kucheka alivuta kiti, akakaa karibu yetu.

Alituambia kwamba yeye na wenzake wako kwenye utafiti juu ya jambo hilo hilo. Si wapiga picha tu. Wagonjwa wengi, ukiwaketisha kitandani katikati ya upasuaji na kuwaambia wafungue macho, huyafungua kuliko wanavyoyafungua siku zote. Wengine ni kwa woga, wengine kwa heshima, wengine wanataka tu kumfurahisha daktari. Daktari anaona kope ziko juu, anapunguza kukaza, na mtu akifika kwake zinashuka. Wao wenyewe, kwa utani, wanaliita jicho la taa. Wanachokitafuta ni jicho la nyumbani.

"Tunajaribu hivi," akasema. "Ukifika wakati wa kupima, tunazima taa, tunamkalisha mgonjwa wima, na tunamwingiza mtu mmoja wa kwake. Wanazungumza mambo yao. Mimi napima wakiwa kwenye mazungumzo. Sijui bado kama inasaidia kweli, siwezi kuwadanganya. Ndiyo maana tunachunguza."

"Na isiposaidia?" nikauliza.

"Mama, ndani kuna kovu tayari. Naweza kurudia hii mara moja. Baada ya hapo sitagusa tena, nitakuwa naharibu."

Mume wangu akauliza, "Huyo mtu wa kwangu, anaweza kuwa dada yangu?"

"Dada yako!" nikasema.

"Wewe utanigombeza mezani."

"Mimi?"

"Unaona? Umeshaanza."

Daktari akamuuliza swali moja tu: kati ya dada yake na mimi, ni nani anayemtazama kila siku kutoka asubuhi mpaka usiku? Mume wangu akainamisha kichwa, akanionyesha kwa kidole.

Siku ya upasuaji walinivalisha gauni la kijani, kofia ya kubana nywele, barakoa na vifuniko vya viatu. Wakaniambia nisiguse kitu chochote. Hilo lilikuwa gumu kuliko walivyodhani, maana mikono yangu ikiona uso wa mtu inataka kuufuta na kuupaka poda. Nikaifungia nyuma. Mle ndani kulikuwa na baridi, na taa kubwa ilikuwa inammulika mume wangu, aliyefunikwa vitambaa vyote isipokuwa uso. Niliketishwa pembeni, nikaambiwa nitazame ukutani mpaka nitakapoitwa. Nilitazama ukuta ule kwa bidii zangu zote. Nilisikia vyuma vikigongana kwenye sinia, na daktari akimwambia muuguzi ampe uzi.

Kisha taa ikazimwa. Kitanda kikainuliwa upande wa kichwani.

"Mama, njoo mbele yake. Msemeshe."

Mimi nilikuwa nimejiandaa. Usiku uliopita nilitunga maneno matamu, nikayakariri jikoni. Nikasimama mbele yake, nikamsogelea, nikasema kwa sauti laini, "Mume wangu mpenzi, unajisikiaje, roho yangu?"

Macho yakamtoka pima. "Daktari!" akaita. "Daktari, kuna nini? Hali yangu ni mbaya?"

"Hapana, baba, uko salama."

"Sauti ni ya mke wangu, ila maneno si yake! Amekwambia nini, daktari? Nakufa?"

Muuguzi akageukia ukutani. Daktari akasema kwa upole, "Hilo ni jicho la taa, mama. Hapo siwezi kupima. Mwongeleshe kama mlivyozoea."

Kama tulivyozoea! Nilisimama pale, barakoa imenibana, mtu wangu ananitolea macho kama kaona jini. Nikajua kope zikifungwa hivyo ndiyo basi, atakunja bahasha mpaka mwisho wa maisha yake. Nikatishika, na mimi nikitishika nakuwa mkali.

"Hivi wewe," nikasema, "jana nani aliacha bomba la uani wazi?"

Mabega yake yakashuka.

"Nimekuta uani kumekuwa ziwa. Nguo nilizoanua zimelowa upya. Nikakuuliza, ukasema labda ni upepo. Upepo unafungua bomba?"

Nyusi zikashuka. Pumzi ikamtoka, ndefu, ya mtu aliyesikia wimbo huo zamani. Uso wake ukatulia ukawa ule ule anaonionyesha kila jioni mezani, wa mtu anayengoja nimalize ili ale.

"Hapo hapo!" daktari akasema. "Hilo ndilo! Mama, endelea, usinyamaze!"

Jamani, katika maisha yangu hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Mama yangu mzazi alikuwa akiniomba ninyamaze. Nikafungulia. Nikaja kwenye kijiko anachoacha ndani ya sukari kikiwa kimelowa. Nikaja kwenye taulo. Nikaja kwenye dada yake, anavyompigia simu saa ya chakula na yeye anavyotoka nje kunong'ona kama nitamla. Daktari anapima kwa kile kirula, anasema "zaidi kidogo", wanamlaza, wanavuta uzi, wanamwinua, naendelea nilipoishia. Muuguzi alikuwa anatikisika mabega. Mume wangu anaitikia tu, "Ndiyo, mke wangu. Kweli, mke wangu." Upande wa kulia ukakamilika hivyo.

Tulipofika upande wa kushoto, maneno yakaniishia.

Sijui ilikuwaje. Nilitafuta kosa jingine, sikuliona. Nilimwona tu pale, amekaa wima na vitambaa vyake, damu kidogo imekauka pembeni ya jicho, ananisubiri kwa subira yake ile. Daktari akasema, "Mama, sema naye," nami nikasema kilichokuwepo.

"Sina wa kugombana naye siku hizi," nikamwambia. "Uko kule nyuma na bahasha zako. Wateja wanakuja, nasema kidevu juu, inatoka sauti yangu, na siipendi. Nachungulia kwenye kamera yako najiuliza wewe ulikuwa unaona nini mle mpaka unafurahi hivyo. Mimi naona watu wamekaa tu. Uko chumba cha pili, mzee, na nina hamu na wewe kama umesafiri. Nakupenda mpaka nakasirika. Nataka urudi."

Macho yake yakaanza kujaa machozi.

"Mama," daktari akasema, na sauti yake nayo haikuwa sawa, "tafadhali usimlize. Siwezi kupima jicho lenye machozi."

Muuguzi akamfuta. Tukangoja. Mume wangu akavuta kamasi, akaniuliza, "Kwa hiyo lile bomba halikuwa neno?"

"Lilikuwa neno!" nikasema. "Bomba ni bomba!"

Uso wake ukatulia tena, na daktari akapima, akafunga uzi. "Zinalingana," akasema. "Sasa tusubiri."

Kusubiri ndiko kulikonimaliza. Alivimba, akageuka zambarau kuanzia nyusi mpaka mashavuni. Wifi yangu alipokuja kumjulia hali alishika mdomo. "Wifi! Umempiga kaka yangu!" Nilimwambia bado, ila akiendelea kupiga kelele nitaanza na yeye. Ajabu ni kwamba alicheka, akavua viatu, akanisaidia kuosha vyombo, na tangu siku hiyo tunaelewana kidogo.

Nilimwekea barafu kwenye kitambaa, nikampaka dawa, nikamwinulia mito alale kichwa kikiwa juu. Studio nayo haikungoja. Shule zilikuwa zinataka picha za watahiniwa, na watoto walipanga foleni mpaka nje, wanasukumana, nami nawapaka poda pua zote. Kila nikimaliza kundi moja nachungulia chumba cha nyuma, lakini simtazami machoni. Niliogopa. Mara ya kwanza kope zilishuka pale uvimbe ulipokwisha, na sasa uvimbe ulikuwa unakwisha. Yeye pia hakutaka kioo. Tulikuwa watu wazima wawili tunaokwepana macho ndani ya nyumba moja. Nilichokuwa nakitafuta kwa kuibia ni paji lake la uso tu, kama mikunjo imerudi.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya kazi kama nyingine. Kulikuwa na mteja mmoja, mama wa makamo aliyekuja kupiga picha za kuombea kazi, amevaa lile koti jeusi na vibanio vyangu mgongoni. Nilishampiga picha. Nilikuwa mezani nakata. Nikasikia kiti cha nyuma kikisogezwa, kisha miguu ya mume wangu, na akasimama kwenye mlango unaotenganisha vyumba.

Niliinua kichwa. Paji lake lilikuwa laini. Kidevu kilikuwa mahali pake. Macho yalikuwa wazi, si ya pozi, maana alikuwa anapumua vizuri kabisa. Kamera ilikuwa imening'inia kwenye msumari wake hatua chache kutoka alipo, na nikasema sasa ataichukua, ataniambia nipishe, atasema yale maneno yake, nami nitaweza kufa hata leo.

Akaipita kamera. Hakuitupia hata jicho. Alikuja moja kwa moja mpaka mezani kwangu, akasimama mbele yangu, akanitazama usoni. Akatazama mpaka nikaona haya, mimi, mbele ya mteja.

"Una nini wewe?" nikasema. "Mbona unanikodolea? Nina poda puani?"

"Umechoka," akasema.

"Nani kachoka? Mimi?"

"Umechoka sana. Macho yamekuingia ndani. Hapa shavuni umekwisha." Alinigusa kwa kidole, hapo hapo alipokuwa anasema. "Tangu lini uko hivi?"

"Niko vile vile nilivyo siku zote. Niache nikate picha za watu."

"Nilikuwa nakuona mikono," akasema. "Muda wote huo nilikuwa nakuona mikono tu, mke wangu. Mikono ilikuwa inakwenda, nikajua uko mzima."

Akanitoa kisu mkononi, akakiweka mbali nami. "Kaa," akasema.

Nilitaka kumjibu. Nilikuwa na majibu, mimi siyakosi. Nilitaka kumwambia nani atakata, nani atapika, na studio itafungwa na nani. Badala yake nikakaa kwenye kile kiti kisicho na mgongo, nikalia, kilio cha sauti, kama mtoto aliyepotea sokoni na kuonekana. Mume wangu akapiga magoti mbele yangu ili nyuso zetu zilingane, akanishika mikono yote miwili, akaendelea kunitazama.

Mteja wetu maskini alisimama na koti lake la kuazima, hajui aangalie wapi. "Samahani," akasema, "nirudi kesho?"

"Ngoja kidogo, mama," mume wangu akamjibu bila kugeuka. "Niko na mke wangu."